Uso Uliokataa Kulia
Sehemu ya Tano

Kwa aliyetukuta njiani, haya ndiyo ya nyuma. Waride, muuza vitenge wa Kibiti, alichomwa sindano ya kulainisha uso na hakumwambia mumewe Nasor. Ummy, mke mwenzake mdogo, amefariki ghafla kwao Salale akiwa na mimba. Tulimwacha Waride ndani ya boti, amempakata Nusaiba, binti wa marehemu ambaye Waride ndiye anayemlea mjini, wanakwenda msibani. Alijipapasa kipaji cha uso. Kilikuwa laini kama sahani.

*

Machozi yalikuwapo. Hilo lisemwe mwanzo, kwa sababu baadaye hakuna aliyelikubali.

Waride alianza kulia boti ilipoingia mto wa kwanza katikati ya mikoko. Alipofika uani kwa Bibi Mwanajuma, mama wa marehemu, mtandio wake ulikuwa umelowa mpaka kifuani. Lakini wanawake wa msibani hawatazami mtandio. Wanatazama uso.

Na uso wa Waride ulikuwa umetulia.

Nyusi zilikaa mahali pake. Pale katikati, ambapo huzuni ya mtu hujikunja ikafanya fundo, palikuwa tambarare. Machozi yalishuka juu ya uso huo kama maji ya mvua yanavyoshuka kwenye kioo cha dirisha, na nyumba haina habari.

“Kaja mke mwenza,” mtu alinong’ona jikoni.

“Nimemwona. Utadhani kaalikwa harusini.”

“Mbona analia?”

“Shoga, liniment ya kujipaka machoni inauzwa kila duka.”

Waride alisikia. Alikaa mkekani, akafunika kichwa, akaomba siku ipite.

Siku haikupita. Zilizofuata nazo hazikupita. Kila mwanamke aliyeingia alimpa mkono wa pole, akamchungulia usoni, na ule mkono ukalegea.

*

Wasomaji wengi mmeuliza: mwanamke mzima, ana duka, ana mume, sindano ya uso ya nini?

Waride alikuwa na mikunjo miwili kati ya nyusi, ya kurithi kwa baba yake. Ilimfanya aonekane mkali hata akiwa usingizini. Wateja walichungulia dukani, wakapita. “Leo mama kaamka vibaya,” walisema, naye hana baya lolote moyoni. Akicheka waliona anakebehi. Akinyamaza waliona amenuna. Mtu akiambiwa kila siku kwamba ana hasira, mwisho huanza kuitafuta hiyo hasira ndani yake, akidhani labda ipo na yeye hajaijua.

Hayo yote aliyavumilia. Alichoshindwa ni asubuhi, anapomfunga Nusaiba vifungo vya sare.

“Mama mkubwa, umenikasirikia?”

“Sijakasirika, mwanangu.”

“Mbona uso?”

Hiyo “mbona uso” ndiyo iliyompeleka saluni kwa Nasma, binti aliyesomea uuguzi Dar es Salaam akarudi Kibiti kufungua chumba chake cha urembo.

Na tusidanganyane, sindano ilimfaa. Wateja waliingia. Yeye mwenyewe alianza kuimba akikunja vitenge. Akajitazama kwenye kioo akakutana na mtu ambaye hana ugomvi naye. Nusaiba akaacha kuuliza.

Jambo moja tu lilipotea, nalo walilicheka. Watoto wa pwani hawakanywi kwa maneno mbele ya wageni. Mama hukunja uso, basi, mtoto anaelewa: acha, nyamaza, usiguse. Wiki ile alikuja mgeni, ikatengwa sahani ya biskuti, Nusaiba akanyoosha mkono. Waride akamkunjia uso. Uso haukukunjika. Nusaiba alimtazama mama yake mkubwa, akaona ameruhusiwa, akazila zote.

Waride alimsimulia mtu mmoja tu duniani, kwa simu ya video.

“Dada!” Ummy alipiga kelele kutoka Salale. “Umekuwa kama mwali! Nasor ameona?”

“Nasor? Kaniuliza kama nimebadilisha taa ya sebuleni.”

Walicheka mpaka Ummy akaomba poo. Hawa walikuwa wake wenza. Watu hawaamini kwamba wake wenza wanaweza kucheka hivyo, na kutoamini kwao ndiko kunakomtesa Waride leo.

*

Siku ya kuondoa matanga, Mwanahalima alitoka chumbani amevaa dera la Ummy.

Mwanahalima ni mtani wa ukoo huo. Mtani msibani ana ruhusa asiyokuwa nayo mwingine yeyote. Ataficha mwiko wa wali, atamfunga mfiwa kamba, atavaa nguo za marehemu, na hakuna wa kumnunia. Ukimjibu kwa hasira, aibu ni yako.

Alitoka ameshika kiuno, tumbo amelitunisha mbele, anaburuta miguu.

“Mama, kiuno! Mama, mgongo! Mama, leo hata kope zinaniuma!”

Uani palipasuka kicheko, na ndani ya kicheko kilio, maana ndiye Ummy huyo hasa. Mtu wa kulalama. Akikwaruzwa na mwiba, mtaa mzima unajua.

Mwanahalima akajiburuta mpaka mbele ya Waride.

“Mke mwenza wee! Ni mimi Ummy. Nimetoka kaburini kwa miguu, hata viatu hawakunipa. Nililie basi nikuone.”

Wanawake wote waligeuka.

Waride alijaribu. Alimkumbuka Ummy akicheka kwenye simu. Kifua kilipanda, machozi yakamwagika upya. Alikaza kila kilichokazika. Kipaji kikalala vilevile.

Mwanahalima alimwinamia, akamzunguka, akamchungulia huku na huku kama anayenunua tikiti.

“Jamani! Huyu kapigwa pasi!”

Kicheko kililipuka.

“Hapana mkunjo hata wa dawa! Ya mkaa au ya umeme, mke mwenza?”

Mtani hajibiwi kwa hasira. Mtani huchekewa. Waride, mwanamke mwenye adabu zake, akacheka.

Hapo ndipo alipoharibu. Mdomo haukuchomwa sindano. Mdomo ulicheka vizuri kabisa.

Wanawake wakaacha kucheka, wakamtazama mdomo.

“Kucheka anajua,” alisema bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele.

Mwanahalima aliacha kiuno, akasimama wima ndani ya dera la marehemu.

“Loh,” alisema, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe.

*

Nyuma ya jiko palikuwa na beseni la maji. Waride aliliinamia, akashika ngozi ya kati ya nyusi kwa vidole, akaibana. Mkunjo ukatokea. Akaachia. Ukaondoka.

Akabana tena.

“Mama mkubwa, unafanya nini?”

Nusaiba alikuwa amesimama pembeni, amevua kandambili.

“Naukunja uso, mwanangu. Umegoma.”

Mtoto alisogea, akayatazama maji, akamtazama yeye.

“Wanasema umefurahi mama amekufa.”

“Wewe unasemaje?”

Nusaiba alichora mchanga kwa kidole cha mguu.

“Sijui. Zamani nilikuwa nakutazama najua. Sasa sijui.”

Hakuna neno alilosemwa Waride msibani pale lililomwingia kama hilo. Sindano ile alichomwa ili mtoto huyu asimwogope. Na kweli hakumwogopa. Ila sasa hakumwona.

Aliuchukua mkono wa mtoto akauweka kifuani pake.

“Sikiliza hapa.”

Kifua kilikuwa kinatikisika kama boti yenye mashine mbovu. Nusaiba aliuacha mkono palepale.

“Kilio kiko huku,” Waride alisema. “Ile sindano ya kwa Nasma imeulaza uso, haujaamka bado. Lakini huku hakukuchomwa.”

“Ile ya saluni?”

“Hiyohiyo. Baba yako hajui. Usimwambie mtu.”

“Sawa.” Mtoto akafikiri. “Mama mkubwa, na kumbe…”

“Nusaiba! Njoo upeleke maji kwa babu zako!”

Akaitwa, akakimbia, na alichotaka kusema akaenda nacho.

*

Nasor alimkuta mkewe hapohapo. Macho yake yalikuwa mekundu, kanzu imechafuka magotini.

“Wazee wamekaa,” alisema.

“Wamesemaje?”

“Mtoto anabaki.”

“Anabaki wapi?”

“Huku. Kwa bibi yake.”

“Na shule? Baba Nusaiba, na shule? Na daftari zake, na…”

“Shule hata huku ipo.”

“Wewe ndiye baba yake. Sema nao!”

“Nimesema. Shehe Abdalah kaniuliza, mama akifa nani mwenye haki ya kumlea mtoto? Bibi mzaa mama. Hapo unataka nijibu nini? Tangu mwanzo kuishi kwake Kibiti ilikuwa hiari yao. Na mama Mwanajuma alikuwa radhi, Waride. Siku tuliyozika aliniambia kwa kinywa chake, mtoto akirudi kwa Waride mimi nitalala.”

“Sasa kimebadilika nini?”

Nasor aliangalia beseni.

“Uso wako.”

Waride alitaka kuketi, hapakuwa na pa kuketi.

“Na wewe unaamini?”

“Mimi nimekutazama tangu tulipofika. Namlilia mke wangu, nakugeukia wewe angalau tulie wawili, unanitazama kama unavyomtazama mteja aliyechelewa kuchagua.” Sauti ilimkatika. “Usiniulize naamini nini. Sijui naamini nini.”

“Ipo sababu.”

“Basi usinipe mimi. Kampe mama Mwanajuma. Kasema dua ikiisha uende chumbani kwake. Muhidini anataka kuondoka na boti kabla maji hayajapwa, na mtoto ama atakuwamo ama hatakuwamo.”

Akageuka akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya, Nasor. Alikuwa amechoka, na ametafuta uso wa kuegemea akaukosa.

*

Waride alikwishaamua. Angesema yote. Aibu ya sindano ni aibu ya siku chache. Watamcheka, Mwanahalima atapata mchezo wa mwaka mzima, Nasor atanuna halafu ataacha. Lakini mtoto atarudi Kibiti.

Alihitaji shahidi tu. Bibi kizee wa Salale ataaminije kwamba kuna dawa ya kulaza uso?

Na alipotoka nyuma ya jiko, nani anashuka kwenye mtumbwi, ameinua gauni lisishike tope? Nasma wa saluni.

“Nasma! Mungu ndiye aliyekuleta.” Waride alimshika mikono yote miwili. “Twende. Twende sasa hivi ukamwambie mama Mwanajuma ulichonifanyia.”

Nasma hakwenda. Alimvuta kando, nyuma ya rundo la boriti za mikoko zilizongoja kupakiwa.

“Dada Waride, siwezi.”

“Huwezi nini? Wananinyang’anya mtoto kwa sababu ya uso huu! Neno moja lako tu.”

“Ummy naye nilimchoma.”

Waride aliiachia ile mikono.

“Siku zile za Idi, alipokuja Kibiti,” Nasma alisema harakaharaka, chini kwa chini. “Alikuja saluni na mtoto. Akasema, nifanye kama dada. Wallahi hakuniambia kama ana mimba. Tulifundishwa, mjamzito hachomwi. Nilimuuliza, akasema hana. Labda hata mwenyewe alikuwa bado hajajua.”

“Ndiyo iliyomuua?”

“Hapana! Ni presha ya mimba, daktari kawaambia wenyewe. Sindano ya kipaji haipandishi presha ya mtu baada ya miezi yote hiyo. Mimi najua, na daktari anajua. Lakini hapa,” akaonesha uani, turubai, wazee, “hapa nitamwambia nani akanisikiliza? Ukitaja sindano yako, watauliza nani alichoma. Wakinijua, watauliza nani mwingine kachomwa.”

“Umekuja kufanya nini basi?”

Nasma alianza kulia. Uso wake mzima ulikunjika, ukawa mbaya, ukawa mzuri. Waride aliutazama kwa wivu.

“Nimekuja kuhani, dada. Alikuwa rafiki yangu.”

“Nitajitaja mimi tu,” Waride alisema mwishowe. “Ummy simtaji. Na wewe sikutaji. Nitasema Dar es Salaam, nitasema mtu nisiyemjua.”

“Utaniapia?”

“Sina haja ya kukuapia. Nataka mtoto wangu.”

*

Chumba cha Bibi Mwanajuma kilikuwa na kitanda cha kamba na harufu ya udi. Bibi alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, tasbihi mkononi. Kwenye ukuta ilining’inia khanga ya Ummy, haijafuliwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kaa hapa, mbele yangu. Kwenye mwanga.”

Waride akakaa.

“Mama, nataka kukwambia juu ya uso wa…”

“Ngoja. Nianze mimi. Mimi ndiye niliyefiwa.”

Bibi alisogeza tasbihi punje moja.

“Umemsikia Mwanahalima akimwiga mwanangu,” bibi alisema. “Hakukosea. Ummy tangu mdogo mdomo wake ulikuwa unaumwa kabla yake. Kichwa, tumbo, jino, kope. Ningemsikiliza mdomo ningeuza nyumba kwa dawa. Kwa hiyo nikajifunza. Nilikuwa simsikilizi. Namtazama hapa.”

Akagusa kipaji chake mwenyewe, chenye matuta ya miaka.

“Mtoto yule akiumwa kweli, hapa palikuwa panajifunga kama kitambaa cha pesa. Asipoumwa, panalala. Hajanidanganya hata siku moja kwa mahali hapa.”

Waride aliigeukia khanga ya Ummy ukutani.

“Siku ile aliniambia, mama, kichwa. Mama, naona nyota. Mama, twende hospitali. Maji yalikuwa yamepwa, mto tope tupu. Vijana wakasema tukitaka tunaweza kumbeba mpaka mlangoni pa mto, boti ije imchukue huko. Ni kazi, lakini inawezekana. Mimi nikamtazama. Palikuwa laini kama sahani. Nikasema, tungoje maji yajae.”

Tasbihi ilisimama.

“Tukangoja. Maji yakajaa, tukampakia, akazimia tukiwa njiani. Tulipofika hospitali hakuwa wetu tena.”

“Mama…”

“Sijamaliza. Watu wananiangalia wanasema, huyu bibi kachelewesha. Hawasemi, lakini naona. Na mimi ningekuwa nimekwishajitupa mtoni, Waride. Kinachonikalisha hapa ni kimoja. Nilimpakata njia nzima, na mpaka mwisho hakukunja uso. Waliomuosha nao waliona. Walitoka wananiambia, mama, mwanao kaenda bila maumivu, uso wake kama amelala. Mola alimpokea taratibu. Hakuumwa. Kwa hiyo sikukosea kungoja. Unanielewa? Hakuumwa.”

Nje Muhidini aliijaribu mashine ya boti. Ilikohoa, ikawaka, ikazimwa.

“Nimekwambia haya ujue kwamba mimi nasoma nyuso,” bibi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole. Huo upole ndio uliomuumiza Waride. “Na wako nimeusoma. Sikupenda nilichokiona. Lakini sikutaka nihukumu bila ya kukusikia, maana mwanangu alikupenda. Una neno? Lako likiniingia, mtoto apande boti sasa hivi na mfuko wake wa shule.”

Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi. Waride alikuwa amelibeba tangu nyuma ya jiko, limeiva, limekaa juu ya ulimi.

Lakini akilisema neno hilo, bibi huyu mwenye kusoma nyuso atajua kwamba ipo sindano inayolaza kipaji cha mtu, akalia kisilie, akaumwa kisiumwe. Hata asipotajiwa Ummy. Atalala nalo leo, na kesho litamfikisha mwenyewe: laini kama sahani. Na siku hiyo ataanza kusikia upya kila alichosema mwanawe. Mama, kichwa. Mama, naona nyota. Mama, twende.

Mtoto upande mmoja. Mama huyu upande wa pili. Na katikati Waride, aliyetaka tu asionekane amekasirika.

“Sina neno, mama,” alisema.

Bibi alimngojea.

“Sina,” Waride alirudia. “Uso wangu ndio huu.”

Bibi Mwanajuma alishusha pumzi ndefu. “Basi mtoto anabaki.”

Pazia la mlango lilitikisika.

“Bibi, mimi najua.”

Nusaiba alisimama pale na mfuko wa shule mgongoni, amekwisha kuufunga mwenyewe. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

“Nusaiba, nenda nje,” Waride alisema.

“Mama mkubwa analia, bibi. Yuko analia sasa hivi. Alichomwa sindano ya kulaza uso, haujaamka. Kilio kiko hapa.” Alijipiga kifuani. “Nimekisikia kwa mkono. Wekeni mkono mtakisikia.”

Bibi alimtazama mtoto. Akamtazama Waride.

“Sindano?”

Waride hakuweza kusema ndiyo, wala hakuweza kusema hapana. Bibi alijiburuta mkekani mpaka goti lake likagusa goti la Waride. Akaweka kiganja kifuani pake, akasikiliza. Kikamtikisa mkono.

“Yaa Rabi,” alisema taratibu. “Kumbe unalia.”

“Nalia, mama. Nalia tangu kwenye boti.”

“Mwanangu, mbona hukusema?” Na macho ya bibi yakalowa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ulipoanza mtu alimshika Waride kwa mkono usiolegea. “Sindano tu? Na sisi tumekutia maneno yote haya?”

Nje Muhidini aliita wa kupanda wapande. Nusaiba alicheka, akaruka mara moja, mfuko ukampiga mgongoni. Na Waride, Mungu amsamehe, kwa dakika hiyo alifurahi. Alidhani imekwisha. Alidhani mtoto amewaokoa wote.

Bibi aliinua kidole gumba akakipitisha kwenye kipaji cha Waride, kama mtu anayemfuta mtoto unga. Kati ya nyusi. Juu. Kati ya nyusi tena.

Kidole kikasimama.

Kikarudi kilikotoka, polepole zaidi. Kidole kile kilikuwa kimepita mahali kama hapa njia nzima ya boti, na kilikuwa kinakumbuka.

“Laini kama…” bibi alisema, hakumalizia.

Alimgeukia mjukuu wake.

“Nusaiba. Huko kwenye sindano. Nani mwingine alichomwa?”

Mtoto alifungua mdomo. Kisha, kama watoto wote wa pwani wanavyofanya mbele ya watu wazima, alimtazama mama yake mkubwa kwanza, aone kama inafaa.

Waride alikusanya kila alichokuwa nacho. Mapenzi yake yote, hofu yake yote, miaka yote ya kumfunga vifungo vya sare, alivipandisha juu kati ya nyusi zake. Nyamaza, mwanangu. Usiseme. Kwa ajili ya bibi yako, nyamaza.

Nusaiba aliusoma uso ule.

Ulikuwa umetulia kabisa.

Akaona ameruhusiwa.